Kiboko Alivyowachimbia Mfereji Watu wa Vichuguuni

Paukwa.

– Pakawa.

Hiyo pakawa ya nani, ya wagonjwa? Paukwa.

– Pakawa!

Pakawa mtaa, mtaa ukawa na kiu, kiu ikapata mwenyekiti. Na wewe unayetafuna karanga huko nyuma, tafuna taratibu, wenzio wanisikie.

Hapo kale wanyama nao walikuwa na mji wao, na mjini humo kulikuwa na mtaa unaitwa Vichuguuni. Nyumba zimebanana, moshi wa huyu unaingia kwa yule, na maji safi hakuna. Juu kilimani ilikuwepo chemchemi nzuri, lakini maji yake yalipotelea mchangani. Watu wa Vichuguuni walichota bondeni, maji yaliyochanganyika na mambo ambayo sitayataja, maana wengine hamjala.

Mtaani hapo aliishi Mama Nguchiro, kamwili kadogo, macho makali, pamoja na binti yake Chiku. Chiku alikuwa anaharisha. Akipona leo, baada ya siku chache tumbo limerudi, na kila likirudi mtoto anazidi kupungua. Mama Nguchiro aliogopa mno. "Mwanangu nisipompatia maji safi nitamzika," alimwambia jirani yake Digidigi, na hakuwa anatia chumvi.

Sasa basi, kila mwaka Korongo walishuka kutoka ng'ambo, papapapa, wameleta ruzuku ya maji: mabomba, koki na tangi. Kila mwaka walimkabidhi mwenyekiti wa kamati ya maji. Mwenyekiti ni nani? Kiboko. Kamati ni nani? Kiboko huyo huyo. Mabomba aliyauza mji wa pili, koki akazivaa kama bangili, na tangi akalifanya bakuli lake la uji.

Mwaka huo Korongo mkubwa alikuja amekunja uso. "Safari hii hatumkabidhi mtu kitu," alisema. "Chimbeni mfereji kutoka chemchemi, kwa msaragambo, kama desturi yenu. Mfereji ukiisha tutalaza mabomba sisi wenyewe, na koki tutaifunga pale ulipoishia."

Wanyama wadogo wakatoka wote, kazi ya pamoja. Panya kachimba, kwi kwi kwi. Digidigi kachimba, kwi kwi kwi. Ardhi ya kilimani ngumu, kucha zikakatika, mfereji haujafika popote. Mama Nguchiro alirudi nyumbani akamwangalia Chiku amelala kama kitambaa, akajifunga kanga, akaenda moja kwa moja kwa Kiboko, chini kabisa ya mtaa.

Alimkuta amekaa kwenye dimbwi lake, nalo limekauka nusu.

"Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba. Nasikia mnachimba."

"Tunajikongoja. Tunashukuru tu wewe hujaja."

"Kwa nini?"

"Wewe una nguvu, baba. Ungechimba peke yako, ukaupeleka mfereji unakotaka, koki ikafungwa huko huko. Sisi tungesema nini?"

Kiboko akalitazama dimbwi lake, akameza mate. "Waambie wote wakae pembeni. Kazi hii naifanya mwenyewe."

"Usituonee, mwenyekiti."

"Kaa pembeni, we mama."

Akapanda kilimani, akaanza. Kwa miguu, tifu tifu tifu. Kwa taya, gwaa gwaa gwaa. Wenzie wamekaa pembeni wakiimba:

"Chimba, chimba, mwenyekiti!"

Naye akijibu huku anatema mawe: "Changu, changu, changu hiki."

Njia ya kutoka kilimani kwenda dimbwini ilipita katikati ya Vichuguuni, haina pengine. Akashuka nayo, tifu tifu, gwaa gwaa, jasho linamchuruzika.

Hapa nisikilizeni vizuri. Msaragambo wa Vichuguuni una taratibu zake. Mnachimba, mnachimba, mwisho mnakula chakula cha kazi. Chakula kikishaliwa, kazi imekwisha. Ukishika jembe tena umemtukana mpishi. Mtaa mzima ulilijua hilo isipokuwa Kiboko, kwa sababu maisha yake yote alikuja kwenye msaragambo wakati wa kupakua tu. Ya mwanzo hakuyajua, ya baadaye hakuyasubiri.

Mama Nguchiro alipita nyumba kwa nyumba. Huyu katoa boga, huyu viazi, huyu nazi. Akateleka sufuria kubwa katikati ya mtaa, harufu ikapanda, fuuu. Kiboko akafika hapo, akasimama.

"Nini hicho?"

"Chakula cha kazi, mwenyekiti. Malizia kwanza."

"Pakua."

"Baba, nakushauri kwa wema kabisa, malizia kwanza."

"Nimesema pakua."

Akapakua. Kiboko akala, akakomba ukoko, akajinyoosha kando ya mfereji, korooo.

Korongo walipotua, Korongo mkubwa aliuliza, "Mfereji umeishia wapi?"

Kiboko akazinduka. "Bado. Naendelea."

"Chakula kimeliwa, kazi imekwisha," walisema wote.

"Ulikula, mwenyekiti?" aliuliza Korongo mkubwa.

"Nilikula."

"Kwani ulikuwa unaupeleka wapi?"

Kiboko akaangalia kulikokuwa na dimbwi lake, akaangalia midomo mirefu ya Korongo iliyomzunguka. "Hapa hapa," alisema. "Kwa wananchi wangu."

Akapigiwa makofi. Akatoa hotuba ndefu ambayo hakuna aliyeisikiliza, maana Korongo walikuwa wanalaza mabomba. Koki ilipofunguliwa ilitoka hewa kwanza, fyuuu, kisha tope, kisha maji meupe, chururu chururu. Mama Nguchiro alikinga kata, akamnywesha Chiku, akalia machozi mbele ya watu wala hakujificha. Tumbo la Chiku lilitulia, na siku si nyingi alikuwa anakimbizana na watoto wa Digidigi, mama yake anamwita akale na hasikii.

Ngano yangu imefika kituoni. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, mpelekeeni Kiboko.

Mnataka na fundisho? Haya. Mkichagua mwenyekiti, chagueni mlafi. Mwaminifu angewaacha mchimbe wenyewe.