Fundi Aliyebeba Mlango

Sogeeni mbele kidogo, ndugu zangu, nafasi ipo. Na nyinyi mlioegemea nguzo nawaona, msilale bado. Leo sina maneno mengi. Nataka kuwapigia mfano mmoja tu, nao umetoka ufukweni, pale wageni wanaporuka na tiara zao kubwa. Najua wapo wazee humu watakaosema imamu wetu anatafuta nini ufukweni. Nisikilizeni kwanza, halafu mninunie.

Kulikuwa na fundi cherehani mmoja katika kijiji kimoja cha pwani. Fundi hasa. Ukimpelekea kanzu iliyotafunwa na panya, ataitia kiraka mpaka panya mwenyewe akirudi asipajue alipotafuna. Basi walipokuja watu wa mchezo ule wa kuteleza juu ya maji, mtu kasimama juu ya ubao na tiara angani inamvuta, fundi akapata kazi mpya. Tiara zile huchanika. Zinaangukia matumbawe, zinanasa kwenye miti ya mikadi, na zote zikawa zinaletwa barazani kwake. Akazishona, na akazishona vizuri, hata watu wakasema pwani nzima hakuna mkono kama ule.

Lakini ikaingia kero. Mtu anachukua tiara yake leo, kesho anairudisha. "Fundi, inavuta kushoto." Fundi anaitandaza, anaipima, haoni kushoto wala kulia. Kwa nini? Kwa sababu hajawahi kuirusha. Yeye kazi yake iko chini, na ugonjwa uko juu. Wengine wakaanza kupeleka tiara zao mjini. Basi akakata shauri, mtu mzima na ndevu zake, kwamba atajifunza mchezo wenyewe ili asikie kwa mikono yake hiyo kushoto inayosemwa. Hapo, ndugu zangu, mimi nimeshaanza kumpenda.

Akaenda kwenye skuli ya mchezo ule. Mwalimu alikuwa mwanamke wa kijiji hicho hicho, mtandio wake kichwani umefungwa barabara, na sauti ya kumsimamisha mtu aliyeko mwambani. Akamtolea vifaa vya wanaoanza. Tiara ya wanaoanza, na ubao wa wanaoanza: mrefu, mpana, mzito. Ubao ule watu wa ufukweni wameupa jina. Wanauita mlango. Na kweli ukiutazama ni mlango, umekosa kitasa tu.

Fundi akacheka. Akaishika ile tiara, akaisugua kati ya vidole, akaipindua akatazama mshono.

"Mwalimu," akasema, "hivi vitu mimi navijua mpaka tumboni. Kitambaa hiki ni kile kile cha tiara za mabingwa. Uzi ni ule ule. Wamebadilisha maandishi tu, wakuuzie hii leo na nyengine mwakani. Hii biashara, mwanangu."

"Biashara ipo, fundi," mwalimu akajibu. "Lakini anza na hii."

Sasa nataka kumtendea haki fundi wetu, maana hakukosea kote. Pale skuli palikuwa na duka, na mwenye duka alikuwa na glavu za wanaoanza, miwani ya wanaoanza, fulana za wanaoanza, na mafuta ya jua ya wanaoanza, kana kwamba jua linamuuliza mtu ameanza lini. Hayo yalikuwa maneno ya kuuzia, na mtu mwenye akili ana haki ya kuyashuku. Lakini niwaulize: ukimkamata mwenye duka na uongo mmoja, ndiyo kila kilichomo dukani ni uongo? Sisi wajanja hapa ndipo tunapoteleza. Tunagundua kitu kimoja cha kweli, tunafurahi nacho, tunakitumia kufungia mlango vitu vyengine vyote.

Fundi akasoma masomo machache kwa shingo upande. Akafundishwa namna ya kushika fimbo ya tiara, na namna ya kuiachia akianguka. Akaoneshwa kifungio chekundu kiunoni, cha kuikata tiara kabisa mambo yakiharibika. Yote akaitikia ndiyo, ndiyo, huku jicho liko kwa mabingwa.

Asubuhi moja mwalimu akiwa mbali na wanafunzi wengine, fundi akaichukua tiara ya bingwa mmoja aliyotoka kuishona. Bingwa mwenyewe alikuwa amemwambia kwa utani, ijaribu ukitaka. Na fundi alitaka. Akaazima na ubao mwembamba, akajifunga mkanda wa kiunoni, akaomba mtu amnyanyulie tiara.

Na nisimpunje: alikwenda! Kwa kitambo kile alikwenda kama waliozaliwa nayo, maji yanachanika nyuma yake, watu wanasimama kutazama. Akaisikia hata ile kushoto. Moyo wake ukasema, si nilisema mimi? Kitambaa ni kile kile.

Kisha akaanguka.

Kuanguka si aibu, kila anayeingia pale huanguka. Akafanya alivyofundishwa, akaachia fimbo. Tiara ya wanaoanza ukiiachia fimbo hulegea, ikashuka majini ikatulia kama kuku aliyeona giza. Hii haikulegea. Ilikuwa imekatwa kwa ajili ya mtu asiyetaka ilegee. Ikaendelea na safari yake, na fundi nyuma yake, mara kichwa juu ya maji, mara kichwa chini, anaburutwa kuelekea mashamba ya mwani. Na mashamba ya mwani mnayajua: vigingi safu kwa safu, vimechongwa, vinamsubiri mtu. Kifungio chekundu? Mtu anayekunywa bahari hakumbuki rangi. Fundi akapiga shahada moyoni. Alijua amekwisha.

Mwenyezi Mungu akamsalimisha. Tiara iligonga kigingi cha mwanzo ikazongwa na kamba, na kabla haijapata upepo wa kunyanyuka tena, kina mama waliokuwa wakivuna wakaibwagia magunia ya mwani mbichi. Gunia juu ya gunia. Ikatulia. Fundi akainuka kwenye maji ya magoti, anakohoa, mguu unavuja damu, suruali imechanika kutoka hapa mpaka sikuambieni wapi. Akanyanyua macho amshukuru mwenye shamba.

Mwenye shamba ni mama mkwe wake.

Mnacheka. Kila mwenye mkwe humu amejihisi. Mkwe na mkwe heshima yao mnaijua. Watu hawa wawili hata sahani moja hawajawahi kula, na leo mmoja katua miguuni pa mwenziwe bila suruali ya maana. Bibi yule akageuza uso akatazama mwambani. Akavua kanga yake ya mabegani, akamrushia kwa nyuma. Na bado hajamtazama, akasema kwa adabu zake zote:

"Baba, kama ulitaka mwani ungetuma mtu."

Mwalimu akafika anakimbia. Wengine tungemkaripia, si ndivyo? Yeye akamfunga jeraha. Na fundi, amekaa mchangani kajitanda kanga ya mkwewe, akaomba kitu kimoja. Akaomba zile tiara mbili zitandazwe pamoja mbele yake, ya bingwa na ya wanaoanza.

Safari hii hakusugua kitambaa. Alipitisha kidole pembezoni. Akaona moja ilivyo nyembamba na ndefu, na mwenziwe ncha zake zilivyorudishwa nyuma. Akazifuata kamba ndogo zinavyogawana mzigo. Akafika mahali akasimama, akarudi, akapita tena pale pale. Mikono ya fundi ile, ndugu zangu! Imetoka majini sasa hivi, na tayari inasoma.

"Mwalimu," akasema, "bafta ya kanzu na bafta ya sanda, si duka moja?"

"Duka moja, fundi."

"Na jora moja. Miaka yote hii mimi nakata nguo za watu. Leo nimetazama bafta, nikasahau mkato." Akaigonga ile tiara ya wanaoanza kwa kidole, taratibu. "Aliyekata hii alikuwa anamfikiria mtu anayeanguka."

Jamani, neno hilo lilinikaa. Aliyekata hii alikuwa anamfikiria mtu anayeanguka. Fikirini. Kuna mtu mahali fulani, humjui hakujui, alikaa na kalamu na mkasi akajiuliza: huyu atakayekuja bila kujua kitu, akiteleza, nimfanyie nini asife? Akapanua hapa, akarudisha pale, akaongeza kamba, akakubali tiara yake iende polepole na ichekwe na mabingwa, ili wewe urudi nyumbani kwako. Hiyo ni rehema iliyoshonwa. Mwenye duka kuibandika karatasi ya kuuzia hakuiondolei kuwa rehema.

Basi mkitaka kujua kipi kimetengenezwa kwa ajili yenu na kipi kwa ajili ya mfuko wa mwenye duka, fundi amekufundisheni. Msikiulize kinavyoruka. Kiulizeni, nikianguka utanifanya nini? Glavu hazikujibu. Miwani haikujibu. Tiara ile na ubao ule vilijibu.

Lakini hilo silo lililonifanya nimpende. Kujua kosa lako mchangani, umekaa na mwalimu wako, ni rahisi. Nampenda kwa kesho yake.

Kesho yake fundi alitoka nyumbani kwake mchana, watu wote nje, kaubeba ule ubao mpana kichwani. Na kutoka kwake kwenda ufukweni njia ni moja, inapita mbele ya baraza ya wacheza bao. Habari zilikuwa zimeshafika. Hata ya kanga yalikuwa yameshafika. Mtu mzima, fundi wa kutajika, mguu una bendeji, anapita na kifaa cha wanaoanza. Mchezo wa bao ukasimama.

"Fundi!" mmoja akaita. "Unahama? Mbona umechukua mlango?"

Baraza ikaangua kicheko. Na fundi hakuongeza mwendo, wala hakuinamisha kichwa, na kichwa chenyewe kina mzigo. Akasema:

"Sihami. Naingia."

Akapita.

Allahu akbar. Mwanamume huyo mimi namwonea gere.

Sasa, ndugu zangu, mmecheka na fundi vya kutosha. Geukeni mtazame kule nyuma, pembeni ya kabati. Mnauona ule mkeka? Tumeutandika kwa ajili ya darasa la watu wazima, kusoma kuanzia alifu. Mwenye kheri mmoja akatuletea juzuu za Kurani zilizochapwa kwa herufi kubwa, kila irabu imekaa wazi mtu asipotee. Mkeka uko mtupu. Juzuu hazijafunguliwa. Na maneno yenu yamenifika: mnasema hizo za watoto, maandishi ni yale yale, karatasi ile ile, wamezikuza tu.

Kitambaa kile kile, siyo?

Tunasoma hitma hapa, kuwaombea maiti wetu. Tunagawiwa juzuu, kila mtu yake, ya herufi ndogo, ya mabingwa. Na wapo miongoni mwetu, simtaji mtu wala sitazami upande wowote, wapo wanaoifungua, wakaitazama, wakasogeza midomo. Jirani akifunua ukurasa nao wanafunua. Jirani akifunga nao wanafunga, wanajipangusa uso, wanasema amina. Wamefanya hivyo miaka. Wamefanya hivyo juu ya majeneza ya baba zao. Baba amelala pale anangojea zawadi ya mwanawe, na mwanawe anasogeza midomo.

Nani amekufunga? Si Mwenyezi Mungu. Yeye dini hii aliikata akimfikiria anayeanguka. Msafiri akampunguzia sala, mgonjwa akamwambia kaa, asiyeweza kukaa akamwambia lala uswali. Mwenye ulimi mzito anayesoma kwa kukwama na kurudi, hakumfukuza, alimwongezea thawabu. Mpana kweli kweli, mlango huu. Aliyekufunga ni baraza. Unaogopa kupita mbele ya baraza na kitu kikubwa mkononi.

Na nyinyi wa baraza, mnaojua kusoma na kucheka, nanyi mna neno lenu. Siku fundi alipokuwa anaburutwa hamkuwepo. Waliokuwepo ni kina mama na magunia yao ya mwani, na bibi mmoja aliyegeuza uso akatoa kanga. Mwenzako akivuliwa nguo na ujinga wake, mrushie kanga. Geuza uso, mrushie kanga, basi.

Kesho baada ya Alasiri nitakuwa pale kwenye mkeka. Nitakaa hata nikiwa peke yangu. Atakayekuja atachukua juzuu yake kubwa, na siku ya pili yake atatoka nayo nyumbani kuja darasani mchana, watu wakimwona, na njia ya kutoka kwenu wengi wenu inapita barazani. Mtu atamwita. Mtu lazima atamwita, atamuuliza unakwenda wapi na lidude lote hilo, mtu mzima wewe.

Jibu mmeshalisikia.