Mawe ya Foleni

Wapendwa, mfano huu nimeuhubiri sharika nyingi za milimani huku, na sijaona hata mmoja aliyesinzia. Wachungaji wenye digrii huniuliza nimeutoa kitabu gani. Mimi niliishia darasa la saba, vitabu nitavitoa wapi? Kaeni vizuri.

Alikuwako mwalimu mmoja mwenye hamu moja tu duniani: kuwa mwalimu mkuu. Mwaka wa uchaguzi Tume ikamteua asimamie kituo cha kura kijijini kwao, ndani ya darasa lake mwenyewe. Akaapishwa kwamba siku hiyo si wa chama hiki wala kile, si mtoto wa mtu wala shemeji wa mtu. Utaratibu akafundishwa: kila mpiga kura jina lake lisomwe kwa sauti, mawakala wa vyama wasikie, mwenyewe aitike, ndipo apewe karatasi.

Watu walifika alfajiri, na kama kawaida yetu kila mmoja akaweka jiwe lake mstarini kushika nafasi, akarudi nyumbani kunywa uji. Kura zikapigwa. Ilipofika alasiri uwanja ulikuwa mtupu, mawe yamepigwa mateke huku na huku, na ukungu ukashuka kutoka msituni hadi mlingoti wa bendera usionekane.

Wakala wa chama kimoja alikuwa shemeji yake. Wa chama cha pili alikuwa ameaga kwenda kula kwa mama ntilie, na makarani wakamfuata. Shemeji akasogeza kiti. Akamweleza taratibu kwamba daftarini bado yamo majina ya marehemu, kwamba mgombea wao akipita ukuu wa shule ni wa mwalimu, na kwamba wafu hawaji kudai kitu.

Mwalimu akaangalia dirishani, kisha akashika kalamu. Sasa, mtu aliyezoea utaratibu hata akiiba huiba kwa utaratibu. Mdomo wake wenyewe ukasoma jina kwa sauti:

"Eliamringi Kajiru."

Huyo alikuwa fundi viatu, mwenye kikohozi kilichojulikana kijiji kizima. Alizikwa masika yaliyopita.

Nje, ndani ya ukungu, mtu akakohoa. "Nipo."

Shemeji akacheka, akasema huko kuna mlevi. Akaenda kufungua mlango. Hakuna mtu. Mbele ya kizingiti palikuwa na jiwe moja, limekaa sawasawa kama lililopangwa.

"Endelea, mwalimu," akasema. Lakini kiti chake akakihamisha, kikawa mbali na mlango.

Kura ikaingia sandukuni. Likasomwa jina la pili, la bibi mmoja aliyekuwa mkunga. "Nipo," kwa upole, na karibu zaidi. Mawe yakawa mawili. Kura ya pili nayo ikaingia.

Jina la tatu mwalimu aliliona kabla hajalisoma, akafunga mdomo. Lilikuwa la mama yake.

Mnadhani kunyamaza kulimsaidia?

"Mbona huniiti, baba?" sauti ikauliza pale pale mlangoni. "Nimepanga foleni kama wenzangu."

Mwalimu akaweka kalamu mezani.

"Haya, nipigie. Ila niambie kwanza, mimi namtaka nani?"

Wapendwa, hakujua. Miaka yote aliyokula ugali wa mama yule hakuwahi kumuuliza. Akalifunga daftari. Kura ya mama yake hakuipiga. Lakini zile mbili zilikwisha kuingia, na jioni ofisa wa Tume alipokuja kuchukua sanduku, akamuuliza kama kuna lolote la kueleza, alijibu hakuna, siku imekwenda salama.

Mgombea wa shemeji akashinda kwa kura mbili.

Ukuu wa shule akaupata. Asubuhi ya kwanza akaingia darasani na daftari la mahudhurio, akaita jina. Mtoto akafungua mdomo, na kabla hajatoa sauti, mtu akakohoa dirishani. "Nipo." Jina la pili, hivyo hivyo. Mpaka leo watoto wa shule ile hawaitiki majina yao. Wameacha kujaribu.

Sasa sisi. Kazi ya Tume ni nini? Ni kuita jina na kusubiri mwenyewe aitike, basi. Isimwitikie mtu, hata yule asiyeweza kuja kudai. Na sisi je? Kwenye kikao cha ukoo, dada aliyeolewa mbali hayupo, nani alisema "yeye hana neno"? Mgonjwa amelala chumbani, nani alisema ameshakubali shamba ligawanywe? Tuliitikia kwa midomo yetu, na mwenyewe yu hai, anapumua, anatusikia ukutani.

Leo baada ya ibada tunachagua wazee wa usharika. Nimeombwa nisimamie, kwa hiyo hapa mimi si ndugu wa mtu. Nitaita majina kwa sauti, na ataitika mwenye jina.

Ila kabla hatujaanza. Mlipoingia asubuhi mlikuta mawe yamepangwa pale mlangoni. Nilikuwa nawatazama. Mliyaruka wote, na watoto mkawabeba mkawavusha. Hakuna hata mmoja aliyeuliza yanamshikia nani nafasi.