Aliyemfungua Kinywa Bi Mwanakheri

Hapo zamani, wala si ile zamani ya fisi kuoa na sungura kuwa kadhi, bali zamani hii ya majuzi ambayo umeme ulishafika Muheza na ulishaanza kukatika, paliishi mama mmoja jina lake Bi Mwanakheri. Alikuwa na watoto watatu: Mwanahamisi wa kwanza, Chande wa kati, na Saumu kitinda mimba.

Mumewe alifariki, akakaa edda, edda ikaisha. Siku alipotoka, aliwaita wanawe akawaambia, "Nyumba hii siiwezi peke yangu. Atakayenifungua kinywa, huyo ndiye nitakayehamia kwake."

Akanyamaza. Wakadhani anavuta pumzi. Kumbe ndio kanyamaza kweli! Kutwa hasemi, kutwa hali, anakunywa chai ya rangi na kutazama ukuta.

Kila mmoja alimtaka mama, wala hapakuwa na unafiki. Mwanahamisi mumewe ni dereva wa malori, watoto wake wameshaoa na kuolewa, na chakula cha peke yake kilikuwa kimemchosha. Chande alichelewa kumzika baba. Alifika kaburi limeshafukiwa, na tangu hapo moyo wake ulikuwa na deni ambalo angeweza kulilipa kwa mama tu. Na Saumu? Saumu alikuwa na mimba ya kwanza, imetimia, na mama mkwe hana. Mama asipokuwapo, nani atamkanda? Nani atamfundisha kumbeba kitoto ambacho shingo bado haijakaza? Aliogopa, na hofu ilimpanda miguuni. Akikaa, anasimama. Akisimama, anatembea. Akitembea, anarudi kumtazama mama, kisha anakaa tena.

Mwanahamisi akapika vitumbua. Mama akageuza uso. Akakaanga mihogo. Mama akaziba pua, maana tangu msibani, harufu ya mafuta yanayochemka ilikuwa inamtapisha.

Chande akafikiri, akaenda kwake Tanga, akarudi na kioveni cha mezani, kile kidogo cha umeme chenye mlango wa kioo. "Hiki hakikaangi," akasema. "Kinaoka. Hakuna moshi, hakuna mafuta ya kurukaruka."

Asubuhi Mwanahamisi akashika kazi. Akakatakata kitunguu, nyanya, hoho na mchicha. Akapiga mayai kwa maziwa kidogo na chumvi, akachanganya na mboga, akamimina katika bakuli la bati alilolipaka siagi. Akalitia ndani ya oveni, akazungusha kitufe, akamwita mdogo wake.

"Saumu, mimi nakwenda uani kuosha vyombo. Kazi yako ni moja tu. Usifungue mpaka kengele ilie."

"Sawa, dada."

"Saumu!"

"Nimesikia, dada!"

Chande naye akaenda kuzima friji, maana vyote viwili vikiwaka pamoja, nyumba nzima inaingia gizani. Wakabaki Saumu, oveni, na mama kwenye kiti chake.

Saumu akakaa. Akasimama. Mbona kimya humo ndani? Akafungua kimlango, akachungulia. Joto likampiga usoni. Yai bado maji. Akafunga.

Akaenda dirishani. Akarudi. Na kama yameungua? Akafungua, akachungulia. Bado maji. Akafunga.

Akashika kiuno, akazunguka meza. Mama akikataa na haya, atakula nini tena? Atakwisha tukimtazama! Akafungua, akachungulia, akaingiza na kidole.

"We Saumu! Hebu funga huo mlango! Unachungulia kama jirani mmbea! Joto lote unalitoa nje, yai litashika na nini?"

Saumu akageuka. Hapakuwa na mtu mwingine chumbani. Alikuwa mama! Sauti ilikwaruza kwa kukaa bila kazi, lakini ilikuwa ya mama. Saumu akaangua kilio. Mwanahamisi akaja mbio na povu mikononi, Chande akaja na waya wa friji mkononi.

"Mama kasema!"

"Kasema nini?"

"Kanigombeza!"

Kengele ikalia. Bakuli likatoka limeumuka, juu rangi ya dhahabu. Mama akavuta harufu, hakuziba pua. Akachukua kijiko. Akala. Akala tena. Akala mpaka akakwangua bati, kisha akafuta mdomo kwa upindo wa kanga akasema, "Haya. Nifungieni mzigo wangu. Nani kanifungua kinywa?"

Hapo ndipo palipochimbika!

"Ni mimi," akasema Mwanahamisi. "Kifungua kinywa ni nini, kama si chakula cha asubuhi? Hata mtoto wa chekechea anajua. Nimekata mimi, nimepiga mimi, na mama kakwangua bakuli langu."

"Ni mimi," akasema Chande. "Upishi wako dada ulikuwapo siku zote, na mama akauzibia pua. Bila oveni yangu, Saumu angechungulia nini? Wewe ungeoka wapi? Mlango niliufungua mimi, nyinyi mkapita."

"Ni mimi," akasema Saumu, huku anapenga kamasi. "Kinywa kilifunguka kwa neno kabla ya kijiko. Na neno hilo nililichokoza mimi."

"Wewe?" Mwanahamisi akamkabili. "Si nilikukanya? Umekaidi, nusura uharibu chakula cha mama, halafu utuzwe kwa ukaidi?"

"Ningekutii, dada, mama angesema nini? Mtu aliyekaa vizuri anagombezwa?"

"Angekula tu, na kusema kungefuata!"

"Una hakika?"

 

Wakamgeukia mama. Bi Mwanakheri akacheka kidogo. "Nilisema kinywa, wanangu. Ninacho kimoja. Ndicho cha kulia, ndicho cha kusemea. Nikichagua mimi, wawili watasema nimependelea, na sitaki kuyabeba hayo uzeeni. Waulizeni watu."

Akakalia mzigo wake mlangoni, akangoja. Mwanahamisi kasimama kulia, Chande kasimama kushoto, na Saumu anazunguka nyuma, mkono kiunoni, maana maumivu yameanza na hajamwambia mtu.

Sasa watu wenyewe ndio nyinyi. Msinitazame mimi, mimi ni msimulizi tu, na mama hawezi kukalia mzigo mpaka kesho. Mwenye chombo, mwenye mkono, au mwenye kosa: je, nani alimfungua kinywa Bi Mwanakheri?