Tope la Sikudhani

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama wa bonde moja walikunywa maji ya mto mmoja na kusali juu ya jiwe moja. Desturi yao ilikuwa hivi: anayetaka kuomba hupaka tope kwenye paji la uso, hupanda jiweni, na wengine wote hufumba macho. Kila akitamka ombi, wanaitikia, "Na iwe." Mwenye tope usoni hakatizwi wala haulizwi. Na ombi lililoitikiwa na wote lazima litimizwe siku hiyohiyo.

Sikudhani alikuwa nguchiro, mama wa watoto wanne, mdogo kiasi cha kupita chini ya tumbo la nyati bila kuinama. Yeye na ukoo wake walikaa ndani ya kichuguu kikubwa kando ya mto, na hatua chache mbele walikuwa na kingine kidogo. Kila asubuhi walisimama kwa miguu ya nyuma, wakalielekea jua, wakanyamaza. Ndiyo sala yao. Na kwa kuwa jua lilichomoza upande wa pili, migongo yao iliuelekea mto.

Jirani yao alikuwa Ngiri, ambaye hakuwa na shimo la maana. Kila akipita pale kichuguuni alisimama kidogo, akachungulia mlangoni, akapima mabega yake.

Mwaka mmoja mto ukapungua maji. Asubuhi moja Ngiri akapanda jiweni, tope limemjaa uso mzima.

"Ee Muumba," akaanza kwa sauti nzito, "tupe majani."

"Na iwe."

"Ee Muumba, wapo wanaoupa mto mgongo wakisali. Ndio wanaoukausha. Waone."

"Na iwe."

"Ee Muumba, kile kichuguu chao kidogo kisawazishwe na ardhi."

"Na iwe."

Wakafumbua macho. Nyati wakatazamana, maana kusawazisha ni kazi ya kwato. Tifu, tifu, tifu, wakateremka mtoni kwa pamoja, na njiani wakapita juu ya kichuguu kidogo, kile ambacho watoto wa nguchiro walikichezea.

Vumbi lilipotulia, Sikudhani aliwaita watoto wake. Wakaja watatu. Akaita tena. Mboni hakuja.

Walipokwisha kumzika, Sikudhani alimfuata Ngiri.

"Baba Ngiri, mwanangu alikukosea nini?"

"Pole sana, mama. Lakini mimi sijamgusa mwanao. Niliomba tu. Kuomba nako kosa?"

Akawafuata nyati. Mkubwa wao alikuwa akicheua.

"Sisi tuliitikia tu, mama," akasema. "Halafu tukapita njia yetu. Kama kulikuwa na mtu chini, hakusema."

"Na kesho," Ngiri akadakia kutoka nyuma, "nitaomba kile kikubwa. Hamisheni watoto mapema, msije mkasema sikuwaambia."

Sikudhani akaenda kwa Kiboko, mwamuzi wa bonde, ambaye alikuwa amelala majini, pua tu nje. Gubugubugubu, maji yakatoa povu.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Sema upesi, jua kali."

"Mzee, sikuombi umzuie Ngiri kusali. Asali hata mara mia. Akisema nguchiro wanasali vibaya, aseme, masikio yetu yameshazoea. Ninachoomba ni kimoja: asiombe tukanyagwe. Kesho anakitaka kichuguu kikubwa, na watoto wangu watatu wamo humo."

"Alikuwa na tope usoni?"

"Alikuwa nalo."

"Basi ni dua, mama. Na dua mimi sipimi. Nikianza kupima maneno ya jiweni leo, kesho nitaishia wapi?" Akafumba macho. Pua nayo ikazama.

Sikudhani alisimama pale ukingoni, akatazama jinsi maji yalivyotibuka kila Kiboko alipojigeuza. Alitazama sana. Kisha akarudi kwake.

Kesho yake, kabla Ngiri hajamaliza kupiga miayo, Sikudhani alikuwa tayari juu ya jiwe. Tope bichi usoni. Na aliyetangulia kupanda hashushwi.

"Haya, kijinyama, fanya haraka," Ngiri akanong'ona. "Wenye dua zao tunasubiri."

Wote wakafumba macho, Kiboko naye, aliyekuwa ametoka majini kwa ajili ya sala.

"Ee Muumba," Sikudhani akaanza taratibu, kama mama anayembembeleza mtoto, "tunashukuru kwa jua."

"Na iwe."

"Wagonjwa wetu wapone."

"Na iwe."

"Wazee wetu wasiumwe miguu."

"Na iwe," wakaitikia kwa nguvu zaidi, maana wazee walikuwa wengi. Sasa walikuwa wakiyumba pamoja, huku na huku, midomo ikitangulia masikio.

"Anayelala mtoni mchana kutwa akitibua maji yetu, afukuzwe bondeni."

"Na iwe."

"Anayegaagaa kwenye tope la ukingo, naye amfuate."

"Na iwe."

Paa mmoja akacheka, kisha akaziba mdomo.

Kiboko akafumbua jicho moja. "Anayelala mtoni ni nani?"

Nyati waliutazama ukingo wanakogaagaa. Ngiri alijitazama mapaja yake, yamekauka tope la jana.

"Teremka," Kiboko akaunguruma. "Hiyo si dua, ni chuki."

"Nina tope usoni, Mzee. Lilelile la Ngiri, la ukingo uleule. Na ninyi wenyewe mmeitikia. Wewe nimekusikia vizuri, una sauti."

"Mimi niliitikia tu," Kiboko akasema.

"Hata nyati walinijibu hivyohivyo."

"Ya kwangu yalikuwa maneno ya Muumba," Ngiri akafoka. "Haya ya kwake ni ya kwake."

"Basi muulizeni Muumba," Sikudhani akasema. "Mimi nangoja hapahapa. Ila siku ni moja, na jua linapanda. Nani ataanza kufungasha?"

Kiboko alimtazama Ngiri. Akautazama mto. Maji yalikuwa yakimeta, baridi, mazuri.

"Dua hizi zimefutwa," akasema hatimaye. "Ya leo, na ile iliyokuwa ije juu ya kichuguu. Hakuna wa kuhama, hakuna wa kukanyagwa."

Sikudhani akashusha pumzi. Watoto watatu wangelala kwao.

"Na kuanzia sasa," Kiboko akaendelea, "hapandi mtu jiweni kabla sijayasikia maneno yake mimi."

"Na iwe," wote wakaitikia.

Asubuhi iliyofuata Sikudhani alifika mapema kumwombea mwanawe.

"Utasema nini?" Kiboko akauliza.

"Ee Muumba, mpokee Mboni, aliyekanyagwa na nyati."

"Toa nyati. Watakereka."

"Mpokee Mboni, aliyekanyagwa."

"Watauliza alikanyagwa na nani. Toa."

"Mpokee Mboni."

Kiboko akafikiri. "Hapana, mama. Wataanza kuuliza amekufaje. Bonde limetulia, tusilichokoze. Njoo msimu ujao."

Nyuma ya Kiboko, Ngiri alikuwa amekwisha kuruhusiwa kupanda jiweni. Yeye alikuja na dua ya kumtakia Kiboko maisha marefu, na hakuambiwa atoe neno hata moja.

Sikudhani akalifuta tope usoni kwa mkono, akarudi kichuguuni.

Nanyi, wanangu, shikeni hili: mkiiacha chuki ijifiche ndani ya dua, ipo siku mtakosa pa kumwombea hata maiti wenu.