Mlimzika Lini?

Wapendwa, kabla hatujafunga Biblia zetu, hebu nisikilizeni kidogo.

Palikuwa na fundi mmoja aliyekuwa akirekodi ibada za kanisa lake na kuzituma kwenye kundi la washarika kwenye simu. Mwanzoni aliweka kamera nyuma, kwenye benchi la mwisho, na kamera ikasikia kila kitu: mahubiri, ndiyo, lakini na vikohozi, na watoto, na mvua ikipiga bati. Watu wakalalamika. "Fundi, hii ni ibada au stendi?" Akaona aibu. Akavuta waya kutoka kwenye mitambo ya maiki moja kwa moja mpaka kwenye kamera. Tangu Jumapili hiyo, kilichopita kwenye maiki ndicho kilichosikika, basi. Kikohozi kikipenya, alikaa kwenye kompyuta yake akakikata. Sauti ikawa safi, ungesema redio. Wakamsifu, naye, kwa kuwa ni binadamu, akafurahi.

Sasa katika usharika huo kulikuwa na bibi mmoja, mjane, aliyevunjika nyonga. Hatoki. Kila Jumapili mchana binti yake humwekea video, huegemeza simu kwenye chupa ya chai, halafu huenda gengeni kuuza nyanya. Bibi hubaki na simu. Mnaijua nyumba ya namna hiyo? Ile ambayo mchana kutwa hakuna anayebisha hodi?

Siku moja binti akamwita fundi. "Kaka, njoo uitazame simu ya mama. Anasema haina sauti. Nikimfungulia anageukia ukutani."

Fundi akaenda. Akafungua ibada, akaongeza sauti mpaka mwisho. Mahubiri yakajaa chumba.

"Shikamoo, bibi. Mbona inasikika vizuri?"

"Marahaba, mwanangu. Mchungaji namsikia. Wengine wako wapi?"

"Wengine nani, bibi?"

Bibi akavuta vuta shuka. Kisha akasema, "Mama Tuntufye. Niambie tu, mimi ni mtu mzima. Mlimzika lini?"

Huyo Mama Tuntufye ni rafiki wa bibi tangu usichana, na wanakaa mtaa mmoja. Ndiye mwenye desturi ya kuanzisha pambio mahubiri yakiisha tu, pale pale kwenye benchi, bila maiki, na siku zote huanzia juu mno, kanisa zima likahangaika kumfuata. Bibi kitandani alikuwa akiingoja sauti ile wiki nzima. Ilipokoma, akajua rafiki yake amekufa, na nyumbani wanamficha kwa sababu ya presha yake. Akaomboleza mwenyewe, kimya kimya, bila mtu wa kumpa pole.

"Bibi, yuko hai! Jumapili ameimba sana. Waya wangu ndio haumchukui. Nitaweka maiki nyingine upande wa mabenchi, utamsikia tena."

Bibi akamtazama kama mtu anayedanganywa.

Fundi akatoka mbio, simu akaiacha ikihubiri. Akamkuta Mama Tuntufye uani anapepeta mchele.

"Mama, bibi anakulilia. Anajua umekufa."

"Mimi?" Mama Tuntufye akacheka mpaka chenga zikamwagika. "Nimekufa, na jana nimegombana na muuza mkaa! Kamwambie nipo, na bado namdai bakuli langu!" Akaona fundi hacheki.

"Mara ya mwisho ulikwenda kwake lini, mama?"

Ungo ukatulia. "Tangu muanze hizo video," akasema polepole, "nilijua anatuona."

Akajifunga kanga, akaenda. Akabisha hodi. Kimya. Akabisha tena, kwa sauti ile ile ya pambio. Bibi hakuitika. Alikuwa ameisikia, wapendwa. Alidhani imetoka kwenye simu.

Sisi tunamlaumu fundi? Fundi alifanya kazi yake, na maiki ya pili itarekebisha waya. Lakini niambieni: ile sauti mbovu ya zamani isingekatika, nani angejua kwamba bibi yuko peke yake? Angeendelea kutusikia, nasi tungeendelea kutokwenda. Tumetuma ibada, tukajihesabu tumefika. Siku ile Bwana hatatuuliza kama video ilifunguka.

Na mimi nimo humo humo. Kuna mzee mmoja nyuma ya kiwanda cha matofali, kila wiki namtumia mahubiri, ananijibu, "Amina, mchungaji," nami nalala nikiwa nimeridhika. Sijui hata kama bado anaweza kusimama.

Leo msinitafute mlangoni tupeane mikono. Nitakuwa njiani kwenda kwake. Wewe unakwenda kwa nani?