Wageni Waliomaliza Kuku wa Mtae

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi huitumia methali hii kumfukuza mgeni mvivu kwa mafumbo. Hiyo ni nusu tu ya maana yake. Nusu ya pili ni kwamba jembe ni heshima: mwenyeji anayemnyima mgeni kazi humwacha nje hata akiwa amemkalisha sebuleni. Watu wa Mtae walichelewa kulijua hilo, na waliolipia ni kuku wao.

Mtae imekaa juu ya ukingo wa milima ya Usambara, mahali ambapo barabara mbovu ya kutoka Lushoto huonekana kukata tamaa. Upande mmoja kuna mashamba ya mahindi na maharage. Upande wa pili mlima umekatika ghafla, na chini kabisa yamelala mashamba ya kijiji cha Mnazi. Mwaka wa pili baada ya Azimio la Arusha, lori la kanisa liliwashusha hapo wamisionari wawili wazee kutoka Ufini, Eino na mkewe Aili. Walikuwa wamekwisha kutumikia Uchina na kusini mwa Afrika, wakastaafu. Walipoombwa kwenda tena, walikubali kabla ombi halijamalizika. Kazi yao ilikuwa kutembelea nyumba kwa nyumba: Mzee Eino akiwasaidia wainjilisti, Bibi Aili akiwafundisha kina mama malezi ya watoto wachanga. Kazi isiposhika kufikia mwisho wa vuli, wangerudishwa kwao, na kwa umri wao hapangekuwa na safari nyingine.

Walipokewa vizuri mno. Kila nyumba waliyoingia, ya Mlutheri au ya Mwislamu, ilichinja kuku, na Mzee Eino alipewa firigisi kama mkubwa wa shughuli. Wao nao walikuwa wamefundishwa kwamba kukataa chakula cha mwenyeji ni kumtusi. Basi walikula. Kadiri walivyotembelea ndivyo walivyokula, na kadiri walivyokula ndivyo alfajiri za Mtae zilivyozidi kuwa kimya, kwa kuwa majogoo walikuwa wakipungua.

Hatimaye milango ikaanza kufungwa.

"Hawatutaki," Mzee Eino alimwambia mkewe.

"Jana nilibisha kwa jirani yetu Paskalina," Bibi Aili alijibu. "Nilimsikia ndani akimziba mtoto mdomo."

Siku ya msaragambo, kijiji kizima kilipokwenda kulima shamba la ujamaa, wazee hao walifika mapema wakaomba majembe. Mwenyekiti wa kijiji, Tobia, alikuwa amekulia enzi ambazo Mzungu alikwenda shambani kunyoosha kidole tu. Alidhani wanaomba kwa adabu, kama mtu anavyoomba kusaidia kuosha vyombo huku akitarajia kukataliwa. Akaagiza viti viwili na mwavuli.

"Kaeni, wazee wetu," alisema. "Mkishika jembe, sisi tutaonekana watu gani?"

Wakakaa kutwa nzima, wakitazama migongo ya watu.

Maji yalipofika shingoni, Tobia aliitisha kikao. Alipendekeza kanisa liombwe kuwahamishia wageni Irente, karibu na Lushoto. "Kule kuna maziwa na jibini," alisema. "Hapa tumebaki na nini? Ila kesho ni zamu ya Mwanahawa kuwapokea. Tusimvunjie zamu yake."

Mwanahawa alikuwa mjane mwenye shamba la mteremko na kuku mmoja.

"Kuku wangu anaatamia," alisema.

"Mayai utapata mengine."

"Yale si mayai tena, Mwenyekiti, ni vifaranga vinavyosubiri siku. Kachinje wako."

"Wangu aliliwa siku ya kwanza," Tobia alisema kwa unyonge, na watu wakacheka.

"Kila siku mnatuimbia uhuru na kazi," Mwanahawa aliendelea. "Wazee wale mmewapa uhuru wote, kazi mmewanyima. Wafanye nini kama si kula?"

Hakuna aliyemuunga mkono. Kikao kikakubaliana na Tobia.

Asubuhi Mwanahawa alikwenda kwenye nyumba ya wageni hao akiwa na majembe mawili begani.

"Shikamooni."

"Marahaba, Mwanahawa," Bibi Aili alijibu. "Tulikuwa tunajiandaa kuja kwako."

"Ndiyo maana nimewahi. Kuku wangu anaatamia, sina cha kuwachinjia. Nilicho nacho ni shamba la maharage ambalo halijalimwa." Akanyoosha jembe, akangoja. Alijua kwamba kama amekosea, aibu itakuwa yake peke yake.

Bibi Aili alilipokea jembe kabla mumewe hajapata viatu vyake.

Shambani, Mzee Eino alilima kwa bidii ya mchwa. Alikuwa amezaliwa katika nchi ya tambarare, basi akainua matuta yaliyonyooka kama rula, kutoka juu ya mteremko hadi chini. Alipomaliza la tatu alisimama kuyatazama kwa fahari.

"Mzee, hayo ni nini?" Mwanahawa aliuliza.

"Matuta."

"Yanatelemka."

"Yamenyooka," alijitetea.

"Mvua ikinyesha udongo wangu wote utahamia Mnazi. Watu wa Mnazi wana udongo wao. Vunja, uyalaze yakingame."

Bibi Aili alikaa chini akacheka hadi akajifuta machozi. "Maisha yetu yote namwambia hanisikilizi," alisema. "Leo nimepata shahidi."

Mzee Eino akavunja matuta yake, naye akicheka. Watu waliokuwa wamesimama njiani kushuhudia aibu waliteremka mmoja mmoja. Paskalina alikuja na jembe lake. "Usimwonee mzee," alimwambia Mwanahawa. "Mpe mstari wa kufuata." Adhuhuri walikula viazi vitamu na maharage kwenye sinia moja, na hakuna aliyeulizia firigisi.

Tobia alifika akihema. "Mwanahawa, umemlimisha mgeni?"

Mzee Eino alisimama, akatazama njiani huku na huku. "Mgeni gani?" aliuliza. "Kuna mtu amekuja?"

Shamba zima liliangua kicheko. Tobia alijikaza kwa muda, kisha akashindwa. "Basi Jumamosi ni msaragambo," alisema alipopata pumzi. "Asiyefika atajieleza mbele ya kamati. Na viti sileti."

Tangu siku hiyo milango ilifunguka, maana kuwakaribisha wazee hao hakukuhitaji kisu. Aliyefikiwa aliwapa mahindi wapukuchue, na mafunzo yakaendelea mikono ikifanya kazi. Vuli ilipokwisha, mjumbe wa kanisa alikuja na gari, tayari kuwachukua kama kazi haijashika. Alimkuta Bibi Aili amezungukwa na kina mama na watoto wachanga, na Mzee Eino yuko bondeni akikemewa na Mwanahawa kuhusu magugu. Aliondoka peke yake, kwa kuwa hakuona mgeni wa kumhamisha. Hakika wahenga hawakukosea: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.