Tohe Aliyemshuhudia Fisi

"Paukwa."

"Pakawa."

"Hizo ni sauti za wenye usingizi. Paukwa."

"Pakawa!"

Hapo kale, tohe alipokuwa bado ana maneno kinywani, Bonde la Matete lilifiwa na hakimu wake, mzee Kakakuona, aliyeamua mashauri juu ya jiwe jeupe kando ya maji. Mfalme Simba akamtaja Fisi ashike nafasi hiyo. Nasema Fisi Kingugwa, yule wa madoa. Yule wa milia ni mwingine, msimsingizie.

Lakini bonde lilikuwa na ada yake. Mfalme humtaja hakimu, ila hakimu haketi mpaka mjumbe wa wala majani amshuhudie hadharani kuwa ni mwadilifu, mahali patatu: penye magadi ya kulamba, penye kivuko, na penye jiwe. Na shauri la kwanza sharti litoke nyumbani kwa mjumbe huyo, apate kuonja alichokipika.

Mjumbe alikuwa Semkiwa, tohe.

"Babu, tohe si swala?"

"Tohe ni tohe. Kila mmoja ana jina lake."

Semkiwa alikuwa na mke na mtoto mmoja, Mhina, ambaye pembe zake zilikuwa hazijaota. Siku moja kabla ya ushuhuda, Fisi alimwendea kwenye matete, akaketi chini kwa adabu.

"Mheshimiwa mjumbe," akasema, "nitaje vizuri, na nyumba yako haitaguswa. Sikuahidi malisho. Nakuahidi usingizi."

Kisha akamtazama Mhina akinyonya. Akamtazama kwa muda mrefu.

Asubuhi wakaenda penye magadi. Ndege Hondohondo, mpiga mbiu, akavumisha sauti: "Semkiwa, mjumbe wetu, huyu unamjua?"

Semkiwa akaona manyoya mekundu yamenasa katikati ya meno ya Fisi. Akayatazama magadi.

"Namjua. Ni mwadilifu."

"Bonde limesikia," wakaitika wanyama.

"Mwongo huyo, babu."

"Ni mwoga. Tulia, usikilize."

Wakaenda penye kivuko. Hapo mjane mmoja, Digidigi, akamsogelea Semkiwa na kumnong'oneza. "Baba mjumbe, mume wangu alimwendea huyu amwamulie ugomvi wa mpaka. Aliingia pangoni na jirani yake. Hakutoka mume wangu, wala jirani."

"Una mashahidi?"

"Mashahidi nao waliingia."

Nyuma yao Fisi akacheka. Mnakijua kicheko chake. "Mpeni bibi maji," akasema, "amechoka na jua."

Hondohondo akauliza: "Semkiwa, mjumbe wetu, huyu unamjua?"

Semkiwa akayatazama maji. "Namjua. Ni mwadilifu."

"Bonde limesikia."

Kutoka kivukoni Fisi alichepuka kidogo, akisema anakwenda kunyoosha miguu. Aliporudi alikuwa akitembea polepole, kama mtu aliyetoka karamuni.

Walipolikaribia jiwe, mke wa Semkiwa akaja mbio. "Baba Mhina, mtoto yuko wapi? Nilimlaza kwenye matete, nikaenda kunywa maji. Nimerudi, hayupo."

Semkiwa akamgeukia Fisi.

"Watoto hupotea, mjumbe," Fisi akasema taratibu. "Kazi ya kuwatafuta ni ya hakimu. Sasa hakimu hayupo. Nani atamtafuta?"

Semkiwa aliliona tumbo la Fisi. Asubuhi lilikuwa limebonyea. Aliliona, na hakutaka kuliona. Akajiambia: nikimkana, sitampata mwanangu, nikimkalisha, huenda akanirudishia.

Hondohondo akauliza: "Semkiwa, mjumbe wetu, huyu unamjua?"

Semkiwa akalitazama jiwe. "Namjua," akasema, kwa sauti ndogo. "Ni mwadilifu."

"Bonde limesikia."

Fisi akapanda, akaketi. Hondohondo akaita shauri la kwanza, na mama Mhina akasimama peke yake.

"Namshitaki huyu aliye juu ya jiwe. Mwanangu hayupo, na mdomo wa huyu una damu."

Fisi akajilamba, bila haraka. "Mama, umeleta neno zito. Mpiga mbiu, ni nani anayeijua tabia yangu?"

"Semkiwa. Ameishuhudia magadini, kivukoni na hapa."

"Na Semkiwa ni nani kwa mtoto huyu?"

Hondohondo akainamisha mdomo wake mrefu. "Ni baba yake."

"Basi baba wa mtoto anasema mimi ni mwadilifu. Bonde limesikia?"

Mmoja akaitika, na mwingine, na mwingine, kila mmoja akimwangalia mtoto wake. "Bonde limesikia."

"Shauri limekwisha," akasema Fisi.

Semkiwa akafumbua kinywa apige kelele: simjui, simjui. Neno halikutoka. Ulitoka mluzi, mwembamba na mkali, kama upepo katika tundu la tete. Tangu siku ile tohe hana neno jingine. Akinusa fisi hupiga mluzi, na wenzake hukimbia.

"Na Mhina, babu? Alionekana?"

"Sogeza ukuni huo ndani, moto unafifia."

Wajukuu zangu, ukimshuhudia mtu kwa woga, ushuhuda wako ndio atakaoukalia siku ya kukuhukumu. Hadithi yangu imekomea pale matetoni, na mkisikia mluzi, msiulize ni nani.